William Marshal

William Marshal (takriban 1146 – 14 Mei 1219) alikuwa naiti, kabaila na mwanasiasa wa Uingereza katika Karne za Kati. Naiti alikuwa askari mpanda farasi aliyetawazwa rasmi kwa kuvishwa upanga. William alizaliwa mtoto wa mwisho-mwisho katika familia ya kabaila wa kadiri, bila matumaini ya kurithi ardhi. Kwa ustadi wake wa kupigana juu ya farasi alipata umaarufu, mali, mke tajiri na cheo cha Kabaila wa Pembroke. Alikuwa karibu na wafalme watano waliotiwa taji wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwisho aliitawala nchi kwa niaba ya mfalme mtoto, Henry III.

Habari zake nyingi zinatoka katika utenzi mrefu wa Kifaransa wenye mistari zaidi ya 19,000, uliotungwa miaka michache baada ya kifo chake kwa agizo la mwanawe mkubwa. Kwa kuwa utenzi huo uliandikwa ili kumsifu, wanahistoria huusoma kwa tahadhari na kuulinganisha na hati za serikali na kumbukumbu za watawa wa wakati ule.

Utoto

Baba yake, John, alikuwa na cheo cha marshal katika nyumba ya mfalme, yaani msimamizi wa farasi na wa nidhamu ya makao ya kifalme. Cheo hicho ndicho kilichogeuka kuwa jina la ukoo. Mama yake, Sibyl, alikuwa dada wa Patrick, Kabaila wa Salisbury. William alikuwa mtoto wa kiume wa nne wa John, na wa pili katika ndoa hii ya pili ya baba yake. Kwa desturi ya wakati ule mtoto wa kwanza ndiye aliyerithi karibu kila kitu, na wadogo walijitafutia wenyewe, ama kanisani ama vitani.

Wakati huo Uingereza ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme Stephen na binamu yake Matilda. John alikuwa upande wa Matilda. Mnamo mwaka 1152 Stephen aliizingira ngome ya John huko Newbury. John aliomba muda wa kusimamisha mapigano, na kama dhamana akamkabidhi mfalme mwanawe William, mwenye umri wa miaka mitano hivi. Kisha akavunja ahadi na kuutumia muda huo kuingiza askari na chakula ngomeni.

Alipoambiwa kwamba mtoto atanyongwa, inasimuliwa kwamba John alijibu bila huruma kuwa bado anazo nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine walio bora zaidi. Mtoto akapelekwa kwenye mti wa kunyongea, lakini Stephen alishindwa kumuua. Utenzi unasimulia kwamba mfalme alionekana baadaye hemani akicheza na mtoto huyo mchezo wa kupiganisha mashina ya majani, kila mmoja akijaribu kukata kichwa cha jani la mwenzake. William alikaa mateka hadi vita vilipokwisha kwa mapatano ya mwaka 1153.

Mafunzo ya upandaji farasi na vita

Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alipelekwa Normandy, ng'ambo ya bahari, kulelewa na ndugu wa ukoo, William wa Tancarville, aliyekuwa mtu mkubwa katika utawala wa eneo hilo. Huko alikaa kama mwanagenzi kwa miaka ipatayo minane. Mwanagenzi wa naiti alianza na kazi za chini: kulisha na kusugua farasi, kusafisha zana, kumvisha bwana wake na kumhudumia mezani. Ndipo alipofundishwa kupanda, kutumia upanga na kushika mkuki.

Mafunzo hayo yalichukua miaka mingi kwa sababu silaha kuu ya naiti ilikuwa muungano wa mtu na farasi. Mpandaji alivaa deraya ya pete ndogo za chuma zilizofumwa pamoja, akafunika kichwa kwa kofia ya chuma na kubeba ngao mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliubana mkuki mrefu chini ya kwapa, usitikisike. Tandiko lilikuwa refu mbele na nyuma ili limzuie asirushwe, na miguu ilikazwa katika vikuku. Kwa njia hiyo uzito wote wa farasi anayekimbia uliishia katika ncha ya mkuki. Aliyekosea shabaha kidogo, au kuulegeza mkuki kabla ya kugongana, aliweza kuanguka yeye mwenyewe.

Farasi nao walikuwa wa aina mbalimbali. Farasi wa vita alikuwa dume mwenye nguvu, aliyefundishwa asiogope kelele wala msongamano, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Kwa safari naiti alipanda farasi mwingine mpole, na wa tatu alibeba mizigo. Kwa hiyo naiti aliyempoteza farasi wake wa vita alikuwa sawa na fundi aliyepoteza zana zake zote.

Drincourt: vita vya kwanza

William alitawazwa kuwa naiti takriban mwaka 1166, wakati wa mapigano ya mpakani huko Drincourt, Normandy. Alipigana kwa ujasiri mkubwa katika mitaa ya mji, lakini farasi wake aliuawa. Jioni kwenye karamu, kabaila mmoja, William de Mandeville, alimtania kwa kumwomba zawadi ndogo kutoka katika nyara zake, kama vile mkanda wa farasi. William hakuwa na kitu cha kutoa. Wapiganaji wote walicheka, kwa kuwa aliwapiga maadui wengi bila kumkamata hata mmoja.

Utani huo ulikuwa na somo. Katika vita vya siku zile lengo halikuwa kumuua naiti wa upande wa pili, bali kumteka. Mateka alitoa fidia, na farasi wake na zana zake vilikuwa mali ya aliyemshinda. William alilazimika kuliuza joho alilovaa siku ya kutawazwa ili anunue farasi wa kawaida wa kubebea mizigo.

Muda mfupi baadaye bwana wake alimpatia farasi wa vita ili ashiriki mashindano karibu na Le Mans. Safari hii William alikamata manaiti na kurudi na farasi kadhaa. Tangu siku hiyo hakuisahau tena hesabu ya vita.

Kutekwa na kukombolewa

Mwaka 1168 aliingia katika utumishi wa mjomba wake Patrick, aliyekuwa akimlinda Malkia Eleanor wa Aquitaine huko Poitou, Ufaransa. Msafara ulishambuliwa kwa kuviziwa na watu wa ukoo wa Lusignan. Patrick, ambaye hakuwa amevaa deraya, alichomwa kwa nyuma akafa. Malkia alipata nafasi ya kukimbilia ngomeni. William alipigana hadi farasi wake akauawa, kisha akasimama kwa miguu, mgongo ukielekea ua wa miti, akiwazuia washambuliaji waliokuwa mbele yake. Mmoja wao alipita nyuma ya ua akamchoma pajani.

Alichukuliwa mateka akiwa na jeraha lisilotibiwa. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja alimwonea huruma akampelekea vitambaa safi vya kufungia kidonda, akivificha ndani ya mkate. Hatimaye Eleanor alilipa fidia yake, akampa farasi, silaha na mavazi. Hivyo kijana asiye na ardhi aliingia katika nyumba ya kifalme.

Mwalimu wa mfalme kijana na mashindano

Mwaka 1170 Mfalme Henry II alimtia taji mwanawe mkubwa, aliyeitwa pia Henry, huku yeye mwenyewe akiwa hai. Kijana huyo hujulikana katika historia kama Mfalme Kijana. Alikuwa na jina la ufalme bila mamlaka wala mapato ya kutosha. William aliwekwa katika nyumba yake kumfundisha vita. Mwaka 1173 Mfalme Kijana alimwasi baba yake, na William akawa upande wa kijana. Uasi huo ulishindwa mwaka 1174.

Baada ya hapo Mfalme Kijana na watu wake walijitosa katika mashindano ya vita kaskazini mwa Ufaransa. Mashindano hayo hayakuwa ya watu wawili kukimbiliana katika uwanja mdogo. Hayo yalienea baadaye. Katika karne ya 12 vikundi viwili vyenye mamia ya wapanda farasi vilipambana kwenye eneo kubwa la mashamba, vichaka na vijiji kwa siku nzima. Palikuwa na sehemu zilizozungushiwa uzio ambamo mtu aliweza kupumzika bila kukamatwa. Nje ya hapo kila kitu kilikuwa vita, isipokuwa kuua kwa makusudi.

Vifo vilitokea hata hivyo. Kanisa liliyalaani mashindano hayo katika mitaguso ya miaka 1130, 1139 na 1179, na kuwanyima waliofia humo maziko ya kanisa. Henry II hakuyaruhusu Uingereza, ndiyo maana vijana walivuka bahari kuyafuata.

Mbinu zake

William alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu na mkono mwepesi, lakini ushindi wake ulitokana na mbinu zaidi ya nguvu. Tatu kati yake zinajitokeza wazi katika masimulizi.

Ya kwanza ilikuwa kushika hatamu. Badala ya kupigana na mpandaji hadi achoke, William alimkaribia, akaikamata hatamu ya farasi wake na kumvuta nje ya mapambano mpaka upande wake. Mpandaji aliyepokonywa hatamu hakuwa na njia ya kumwongoza farasi. Siku moja huko Anet alimvuta hivyo Simon wa Neauphle kupitia mitaa ya mji. Simon aliona mfereji wa maji ya mvua ukitokeza kwenye nyumba, akaudaka na kubaki akining'inia hewani. William hakugeuka nyuma. Alipofika na kumwagiza mtumishi amchukue mateka, alikuwepo farasi tu, naye akacheka pamoja na wenzake.

Ya pili ilikuwa kupigana kwa kikundi. Mwanzoni watu wa Mfalme Kijana walishindwa mara kwa mara kwa sababu kila mmoja alikimbilia utukufu wake. Philip, mtawala wa Flanders, aliwafundisha kwa vitendo: alikaa pembeni na kikosi chake mpaka wengine wamechoka na kutawanyika, ndipo aliposhambulia. Kikosi cha Mfalme Kijana kikaiga hila hiyo. Kazi ya William ilikuwa kukaa karibu na bwana wake asitekwe, na kukizuia kikosi kisitawanyike.

Ya tatu ilikuwa kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu wa kibiashara. Aliungana na naiti mwingine, Roger wa Jouy, wakakubaliana kugawana faida. Orodha iliyotunzwa na karani wa jikoni wa Mfalme Kijana ilionyesha kwamba katika muda wa miezi kumi hivi wawili hao waliteka manaiti 103, mbali na farasi na zana ambazo hazikuhesabiwa. Kwa makadirio yake mwenyewe mwishoni mwa maisha, William aliwateka manaiti wapatao 500.

Kazi hiyo ilikuwa na madhara yake. Baada ya mashindano ya Pleurs, waandaaji waliamua kumtunza William samaki mkubwa wa mto kama zawadi ya mpiganaji bora wa siku, lakini hakuonekana. Walimkuta kwa mhunzi, amepiga magoti, kichwa chake kikiwa juu ya fuawe. Kofia yake ya chuma ilikuwa imepondwa kwa mapigo hata isiweze kuvuka, na mhunzi alikuwa akiifungua kwa nyundo na koleo.

Kuondolewa na safari ya Nchi Takatifu

Mafanikio yalileta wivu. Mwaka 1182 wapinzani wake walimsingizia kwamba anajitafutia sifa kuliko bwana wake, na hata kwamba ana uhusiano na mke wa Mfalme Kijana, Margaret. William aliomba athibitishe kutokuwa na hatia kwa kupigana na washtaki wake. Hakuruhusiwa, akaondoka.

Mwaka uliofuata Mfalme Kijana alimwasi tena baba yake na kumwita William arudi. Tarehe 11 Juni 1183 Mfalme Kijana alifariki kwa ugonjwa wa kuhara huko Martel, akiwa na umri wa miaka 28. Alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda Yerusalemu, na kabla ya kufa alimwomba William amtimizie. William alikaa Nchi Takatifu takriban miaka miwili. Kuhusu matendo yake huko utenzi hausemi mengi. Inajulikana kwamba alijifunga kwa ahadi na shirika la wanajeshi watawa wa Hekalu, na kwamba alirudi na vitambaa vya hariri ambavyo aliviweka kwa ajili ya maziko yake mwenyewe.

Utumishi kwa Henry II na Richard

Aliporudi mwaka 1186 alipokewa na Henry II, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na katika ugomvi na mwanawe Richard. Mwaka 1189 Richard, akishirikiana na Mfalme Philip II wa Ufaransa, alimfukuza baba yake kutoka Le Mans. William alikuwa katika kikosi cha nyuma kilichomlinda mfalme mzee alipokimbia. Richard aliwafuata kwa kasi bila kuvaa deraya. William alimgeukia akiwa ameulenga mkuki, kisha sekunde za mwisho akaushusha na kumchoma farasi. Farasi akafa, Richard akabaki mzima, na mbio zikaishia hapo.

Henry II alifariki tarehe 6 Julai 1189, na Richard akawa mfalme. Wengi walidhani William ameangamia. Richard alimkabili kwa tuhuma ya kutaka kumuua. William akajibu kwamba angetaka, angeweza. Richard alimsamehe, kwa kuwa alihitaji watu wasiomwacha bwana wao wakati wa kushindwa.

Alithibitisha pia ahadi ya ndoa iliyokuwa imetolewa na baba yake. Mwezi Agosti 1189 William, aliyekuwa na miaka 43 hivi, alimwoa Isabel de Clare, msichana wa miaka kama 17. Isabel alikuwa binti wa Richard de Clare, aliyejulikana kama Strongbow, na wa Aoife, binti wa mfalme wa Leinster huko Ireland. Kwa ndoa hiyo William alipata ardhi kubwa Uingereza, Wales, Normandy na Ireland. Walizaa watoto wa kiume watano na wa kike watano.

Richard alipokwenda Vita vya Msalaba, William alikuwa mmoja wa waliosimamia utawala wa nchi. Mwaka 1194 kaka yake John alifariki, naye akarithi cheo cha marshal. Mwaka 1197, akiwa na miaka 50 hivi, alipanda ngazi peke yake kwenye ukuta wa ngome ya Milli, karibu na Beauvais, akamwangusha msimamizi wa ngome kwa pigo moja. Kwa kuwa alikuwa amechoka, alimkalia juu mpaka askari wengine walipofika.

Wakati wa Mfalme John

Richard alifariki mwaka 1199, na William akamuunga mkono ndugu yake John. Mfalme mpya alimpa rasmi cheo cha Kabaila wa Pembroke. Lakini mwaka 1204 John alipoteza Normandy. Ili asipoteze ardhi zake huko, William alimlia kiapo Philip II wa Ufaransa, na baadaye akakataa kupigana naye. John alilichukulia jambo hilo kama usaliti. Aliwachukua mateka wana wawili wa William, William na Richard, hivyo baba aliyewahi kuwa mateka utotoni aliona wanawe wakipitia hali ileile.

Kuanzia mwaka 1207 William alielekeza nguvu zake Ireland. Alianzisha mji wa New Ross na kujenga daraja la Mto Barrow, akaendeleza Kilkenny, na kujenga monasteri ya Tintern katika Wexford kutimiza nadhiri aliyoiweka katika dhoruba ya baharini. Kwa walowezi Waingereza hiyo ilikuwa maendeleo. Kwa Waayalandi wengi ilikuwa kunyang'anywa ardhi. Askofu wa Ferns alimshtaki kwa kuchukua mashamba mawili ya kanisa, na ugomvi huo haukumalizika maishani mwake. Mfalme alipomwita Uingereza na watu wake kuzivamia ardhi za Leinster, Isabel, aliyekuwa mjamzito, alisimamia ulinzi mpaka wavamizi wakashindwa.

Makabaila walipomwasi John, William alibaki upande wa mfalme, akawa mpatanishi. Jina lake limo miongoni mwa washauri waliotajwa mwanzoni mwa Magna Carta, hati ya Juni 1215 iliyoweka mipaka ya mamlaka ya mfalme. Mwanawe mkubwa, kinyume chake, alikuwa miongoni mwa makabaila 25 wa upande wa waasi waliochaguliwa kuisimamia hati hiyo.

Mlinzi wa ufalme na mapigano ya Lincoln

John aliivunja hati hiyo upesi, na waasi wakamwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aje kutawala. Mwezi Oktoba 1216 John alifariki. Mwanawe Henry alikuwa na miaka tisa, London ilikuwa mikononi mwa Louis, na hazina ilikuwa tupu. William alimtawaza mtoto huyo kuwa naiti, akatiwa taji Gloucester tarehe 28 Oktoba 1216. Makabaila waliobaki waaminifu walimwomba William awe mlinzi wa mfalme na wa ufalme. Alisitasita kwa sababu ya uzee, kisha akakubali.

Hatua yake ya kwanza ya kisiasa ilikuwa kutoa upya Magna Carta mwezi Novemba 1216, kwa muhuri wake na wa balozi wa Papa, Guala. Waasi walikuwa wamepigania hati hiyo. Sasa serikali ya mfalme ndiyo iliyoitoa, na sababu ya kuendelea na uasi ikapungua.

Mwaka 1217 jeshi la Louis liligawanyika, na sehemu moja ikaizingira ngome ya Lincoln, iliyotetewa na mwanamke, Nicola de la Haye. William aliona nafasi. Tarehe 20 Mei 1217, akiwa na miaka 70 hivi, aliongoza jeshi lenye manaiti wapatao 400 na wapiga pinde za mtambo zaidi ya 300. Alipotaka kushambulia alikuwa amesahau kuvaa kofia yake ya chuma, mtumishi akamkumbusha. Kisha akawachoma farasi wake kwa visigino na kuingia ndani ya safu za maadui katika mitaa myembamba ya mji. Kofia yake ilipigwa mapigo makubwa na kamanda wa Wafaransa, Kabaila wa Perche. Kabaila huyo aliuawa kwa mkuki uliopenya kwenye tundu la macho la kofia yake, na jeshi lake likasambaratika.

Waliokufa kati ya manaiti walikuwa wachache, lakini wengi walitekwa. Wakazi wa mji ndio walioumia: Lincoln iliporwa, makanisa pia, na wanawake na watoto walizama mtoni walipokimbia kwa mashua zilizojaa kupita kiasi.

Tarehe 24 Agosti 1217 meli zilizomletea Louis msaada zilishindwa karibu na Sandwich. Mwezi Septemba Louis alikubali kuondoka, akilipwa mark 10,000. Mwaka huohuo Magna Carta ilitolewa tena pamoja na Hati ya Misitu. Wapo waliomlaumu William kwa kumwachia Louis kwa masharti mepesi, lakini nchi ilipata amani.

Kifo

Mapema mwaka 1219 aliugua. Alihamishiwa nyumbani kwake Caversham, kando ya Mto Thames. Alimkabidhi mfalme kijana kwa balozi mpya wa Papa, Pandulf, kwa kuwa hakumwamini kabaila yeyote asiwe na tamaa. Makasisi walimkumbusha kwamba hawezi kuokoka asiporudisha alivyowanyang'anya manaiti. Alijibu kwamba hilo haliwezekani, na kwamba kama mbingu zimefungwa kwa sababu hiyo, hakuna naiti atakayeingia. Karani mmoja alishauri mavazi mazuri yaliyotayarishwa kwa ajili ya watu wake yauzwe na fedha zitolewe kwa ajili ya roho yake. William alikasirika, akaagiza kila naiti wake apewe vazi kama kawaida. Binti zake walimwimbia.

Alipokewa katika shirika la Hekalu, akafariki tarehe 14 Mei 1219. Alizikwa katika kanisa la shirika hilo, London, akiwa amefunikwa kwa hariri aliyotoka nayo Yerusalemu. Askofu mkuu Stephen Langton alimsifu mazikoni kuwa naiti bora kuliko wote wa wakati wake. Isabel alifariki mwaka 1220.

Urithi

Wanawe wote watano walishika cheo cha Kabaila wa Pembroke, na wote walikufa bila kuacha mrithi halali. Richard alifariki mwaka 1234 kwa majeraha ya vita Ireland. Gilbert, ambaye alikuwa amelelewa kwa ajili ya upadri, alijaribu kuthibitisha uhodari wake katika mashindano mwaka 1241. Hatamu ilikatika, akaanguka na kuburutwa na farasi hadi kufa. Wa mwisho, Anselm, alifariki mwaka 1245, na ardhi zikagawanywa kati ya wazao wa mabinti. Watu wa wakati ule walisema ilikuwa laana ya Askofu wa Ferns.

Utenzi juu ya maisha yake ulisahauliwa kwa karne nyingi. Mtaalamu Mfaransa Paul Meyer aliuona katika mnada London mwaka 1861, ukampotea kwa miaka 20, akaupata tena na kuuchapisha kati ya 1891 na 1901. Nakala hiyo ya mkono imehifadhiwa New York, Marekani. Sanamu inayoaminika kuwa yake bado iko katika kanisa la Hekalu, London, ingawa iliharibiwa na mabomu mwaka 1941.

Picha ya naiti hodari juu ya farasi imeenea katika riwaya, filamu na michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons iliyotoka mwaka 1974. Katika michezo hiyo mchezaji hujenga mhusika wake hatua kwa hatua, akichagua silaha, farasi na ujuzi. Maisha ya William yanaonyesha jinsi ujenzi huo ulivyokuwa kwa mtu halisi: miaka minane ya kusugua farasi, joho moja lililouzwa, wenzake wa kuaminika, na farasi ambaye akiuawa, mpandaji hubaki mtu wa miguu tu.